Hawk ya Kilo Ishirini: Ufundi wa Kujenga Ndege ya Jeti ya Modeli

Chukua Hawk, ile ndege ya mafunzo ya Kiingereza yenye viti viwili, uigawe kwa nne. Mabawa yake kutoka ncha hadi ncha yana mita 9.39, ukigawa unapata mita 2.35. Hadi hapo rula inatosha. Sasa jaribu uzito. Ndege yenyewe ikiwa na mwalimu, mwanafunzi na mafuta hukaribia tani 5. Kitu kikipunguzwa mara nne kwa urefu, mara nne kwa upana na mara nne kwa kimo, uzito wake unapungua mara 64. Kwa hesabu hiyo Hawk ya robo ingekuwa na kilo kama 78. Hakuna fundi wa ndege za modeli anayejenga kitu kizito hivyo. Hawk za ukubwa huo zinazorushwa kwa rimoti katika viwanja vya Ujerumani na Uingereza zina kilo 20 hivi kabla ya kutiwa mafuta.

Sababu ni kwamba hewa haijapunguzwa. Kila mita mraba ya bawa la Hawk halisi hubeba kilo 300; kila mita mraba ya bawa la modeli hubeba kilo 20 tu, na bado fundi analalamika kwamba ni nyingi. Ile ya kilo 78 ingelazimika kutua kwa kasi karibu maradufu, juu ya miguu myembamba, mbele ya rubani aliyesimama chini akitumia macho yake tu. Kwa hiyo anayejenga jeti ya modeli yuko kati ya madai mawili kutwa nzima. Jicho linataka kila kitu kiwe kama kwenye ndege halisi. Hewa inataka kitu chepesi, imara, chenye nafasi ya kupumua. Uzuri wa kazi hii, kwa maoni yangu, uko katika namna fundi anavyozipatanisha pande hizo bila ya mtazamaji kujua kwamba kulikuwa na mgogoro.

Nimeichagua Hawk kwa sababu mbili. Kwanza, ni miongoni mwa ndege zinazopendwa mno na wajenzi wa jeti za modeli duniani. Iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 21 Agosti 1974, na tangu 1980 ndiyo ndege ya kikosi cha maonyesho cha Red Arrows, zile nyekundu zinazoacha moshi wa rangi angani. Umbo lake linamsaidia mjenzi: bawa la kutosha, mkia mkubwa, miguu iliyotanuka, matundu mawili ya kuingizia hewa ubavuni na injini moja tu. Pili, ni ndege yetu pia. Kenya ilinunua Hawk 12 za aina ya Mk 52 mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Oman nayo ikanunua Hawk zake katika miaka ya 1990. Mtu aliyekulia Nanyuki au Muscat hahitaji kuelezwa ndege hii ni ipi.

Zamani, jeti ya modeli ilikuwa jeti kwa sura tu. Ndani yake kulikuwa na injini ndogo ya pistoni iliyozungusha feni iliyofichwa katika mrija, na sauti yake ilikuwa ya kukereketa, mbali kabisa na ngurumo ya jeti. Wataalamu wengi waliamini kwamba injini halisi ya jeti haiwezi kufanywa ndogo kiasi hicho. Hoja yao ilikuwa na msingi. Injini ya jeti huvuta hewa, huishindilia, huichoma pamoja na mafuta, kisha gesi ya moto hutoka kwa nyuma huku ikizungusha gurudumu la mapezi ambalo ndilo linaloendesha kompresa ya mbele. Ili hewa ishindiliwe vya kutosha, ukingo wa kompresa lazima ukimbie kwa kasi kubwa sana, iwe injini ni ndogo au kubwa. Gurudumu likiwa dogo, njia pekee ni kulizungusha mara nyingi zaidi. Kompresa yenye kipenyo cha milimita 66 ikizunguka mara 110,000 kwa dakika, ukingo wake hukimbia mita 380 kwa sekunde, kupita kasi ya sauti. Beringi ipi itavumilia? Na moto utawezaje kuwaka sawasawa katika chumba kinachotosha kiganjani?

Jibu halikutoka kwenye kiwanda kikubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mjerumani Kurt Schreckling aliunda injini yake nyumbani, FD3/64, yenye kompresa ya mbao: mbao za tabaka zilizokatwa kwa mkono na kuimarishwa kwa nyuzi za kaboni. Gurudumu la nyuma alilitengeneza kwa bati la chuma. Aliandika kitabu kinachoeleza jinsi ya kuijenga, na watu wakaijenga kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Kifaransa ya JPX ikaanza kuuza T240 iliyotumia gesi ya propani. Kisha ikaja KJ-66. Kompresa yake, ile ya milimita 66, ni ya tabo ya gari: kipande kilekile ambacho fundi wa malori anakifahamu, kimehamishiwa kazi nyingine. Michoro yake ilienea duniani kote, na warsha nyingi za nyumbani zilipata injini yao ya kwanza kwa njia hiyo.

Leo injini hununuliwa ikiwa tayari. JetCat ya Ujerumani hutengeneza moja iitwayo P200, yenye msukumo wa zaidi ya nyutoni 200, yaani inaweza kunyanyua zaidi ya kilo 20 wima. Ikitulia huzunguka mara 33,000 kwa dakika. Ikifunguliwa yote hufika 112,000. Hapo pana jambo linalowashangaza wengi. Injini ya Hawk halisi, Adour, ina msukumo usiofika nusu ya uzito wa ndege yake. Modeli ina msukumo sawa na uzito wake wote. Kwa maana hiyo modeli ina nguvu kuliko mama yake, na rubani anayejali sura lazima ajizuie kuitumia.

Mafuta yake ni mafuta ya taa. Yale ya koroboi na jiko la utambi, au ndugu yake wa uwanja wa ndege, Jet A-1, kwa kuwa mafuta hayo mawili yanatofautiana zaidi kwa viwango vya usafi na ukaguzi kuliko kwa asili. Humo huchanganywa oili ya injini za jeti, kama asilimia 5, kwa sababu injini ndogo haina tangi la oili wala pampu yake. Sehemu ndogo ya mchanganyiko hupelekwa kwenye beringi, huzilainisha na kuzipoza, kisha hutoka pamoja na gesi isirudi tena. Injini ya nyutoni 200 ikiwa imefunguliwa yote hunywa karibu robo tatu ya lita kwa dakika. Lita tano zinatosha kuruka dakika nane au tisa, na akiba ya kurudia kutua ikibaki.

Bodi ni ya faiba, teknolojia ileile ya boti za faiba za pwani: kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholowekwa resini ndani ya kalibu, na nyuzi za kaboni mahali panapobeba mzigo. Bawa mara nyingi huwa na kiini cha povu gumu kilichovikwa ubao mwembamba, au huwa ganda tupu lenye mbavu ndani. Kampuni nyingi huuza bodi iliyokwisha kutolewa kwenye kalibu, hata ikiwa imepakwa rangi. Watu wengine hudharau kazi ya namna hiyo wakisema si ujenzi. Sikubaliani nao. Ganda tupu la Hawk ni mwanzo tu. Kazi inayoamua kama ndege itarudi salama iko ndani, katika kufunga vitu, na humo hakuna kalibu inayokusaidia.

Tuanze na tangi. Tangi kuu hukaa juu ya kitovu cha uzito ili mizani ya ndege isibadilike kadiri mafuta yanavyopungua. Ndani yake kuna mpira laini wenye kizito kwenye ncha. Ndege ikiinama, mpira hufuata mafuta yalikoangukia. Hata hivyo, ndege inayopinduka ina nafasi nyingi za kuufanya mpira huo unyonye hewa. Injini ya pistoni ikipata kiputo hukohoa na kuendelea. Injini ya jeti ikipata kiputo, moto unazimika, na ukishazimika hewani ndege inakuwa mzigo wa kilo 20 unaotafuta pa kuangukia. Ndiyo maana kabla ya pampu huwekwa tangi la pili, dogo, lenye mfuko wa kitambaa ambacho vitundu vyake ni vidogo kiasi kwamba kikishalowa hupitisha mafuta na kuzuia hewa. Paipu baina ya matangi na pampu huwa za kuonekana ndani. Fundi makini huendesha pampu kabla injini haijafungwa, taa mkononi, akifuatilia paipu kutoka mwanzo hadi mwisho. Akiona kiputo kimoja kinasafiri, anakifuata hadi kwenye kiungo kilichokiingiza. Mara nyingi kosa ni mpira uliokatwa upande, au kiungo kisichofungwa waya.

Baada ya mafuta, moto. Gesi inayotoka nyuma ya injini huwa kati ya nyuzi 500 na 750 za Selsiasi. Resini ya bodi hulainika kwa joto dogo sana kuliko hilo. Kwa kuwa injini lazima ikae karibu na kitovu cha uzito, gesi husafirishwa hadi mkiani kwa bomba la bati jembamba lenye kuta mbili, hewa baridi ikipita katikati. Pengo baina ya mdomo wa injini na mwanzo wa bomba hupimwa kwa milimita. Bomba likikaa upande hata kidogo, gesi hugonga ukuta, msukumo hupungua, na bodi huanza kupata joto mahali ambapo hapaonekani kwa nje.

Hapa ndipo ule mgogoro wa jicho na hewa unapofika kileleni. Matundu ya hewa ya Hawk yakipunguzwa kwa kipimo sahihi, mara nyingi hayapitishi hewa inayoitosheleza injini na kupoza bodi kwa pamoja. Ukiyapanua, kila anayeijua Hawk ataona ubavu umeharibika. Suluhisho ni tundu la siri: nafasi ya ziada iliyofunguliwa tumboni, au ndani ya chumba cha magurudumu, ambamo injini huvuta hewa bila mtu kuona. Vivyo hivyo kwa bawa. Kwa kitu kidogo hewa hunata zaidi na huachana na bawa mapema, kwa hiyo wabunifu wengi hubadilisha unene na mkunjo wa bawa kidogo, wakaacha mstari wake kutoka juu uwe uleule wa michoro. Ukiitazama ndege ikiwa imeegeshwa, huwezi kugundua.

Nyaya sitazieleza sana. Anayefunga umeme wa gari au pikipiki kwa uangalifu anajua nidhamu inayotakiwa. Inatosha kusema kwamba betri za kupokea mawimbi ya rimoti huwa mbili, ili moja ikifa nyingine ishike, na kwamba kila kipande kinachocheza kina mota yake, inayoitwa servo. Mkia wa mlalo wa Hawk huzunguka wote kwa pamoja badala ya kuwa na kipande cha nyuma tu, hivyo servo zake hubeba mzigo mkubwa. Uchezaji mdogo kwenye kiungo cha mkia, ule ambao kwenye ndege ya polepole usingekuwa na neno, kwa kasi ya jeti unaweza kuleta mtetemo unaoung'oa mkia kufumba na kufumbua. Mafundi hushika ncha ya mkia kwa vidole viwili na kuisukuma taratibu. Ikichezacheza, ndege hairuki siku hiyo. Na mawimbi yakipotea hewani, kompyuta ya injini imeshaamriwa kabla: izime injini.

Sasa tuingie chumba cha rubani, mahali ambapo fundi hajibizani tena na hewa. Kwenye Hawk kifuniko cha kioo hufunguka kwa ubavu, na kiti cha nyuma kimeinuliwa ili mwalimu aone mbele juu ya kichwa cha mwanafunzi. Ukitazama kioo hicho kwa karibu utaona mstari uliopindapinda juu yake, kama uzi uliosahaulika. Ni kamba ya baruti. Rubani akivuta mpini wa kujirusha, kamba hulipuka na kukivunja kioo kabla kiti hakijapita. Fundi wa modeli anaubandika mstari huo kwa uzi mwembamba uliopakwa rangi, kona kwa kona, akilinganisha na picha. Ukikosekana, kioo kinaonekana uchi kwa yeyote aliyewahi kusimama karibu na Hawk.

Kisha zinakuja ribiti. Bati la ndege halisi limeshonwa kwa ribiti nyingi mno, na modeli laini kama yai haimdanganyi mtu. Kwa ribiti zilizotokeza, fundi hukata ncha ya sindano ya hospitali ikawa butu, hujaza gundi nyeupe ya mbao, hupiga mstari kwa penseli na rula, kisha hudondosha tone baada ya tone kwa umbali sawa. Tone hukauka likawa kichwa kidogo cha mviringo. Kwa ribiti zilizozama, anachukua kipande cha mrija mwembamba wa shaba nyeupe, anakifunga kwenye pasi ya kulehemu, na kugusa praima kwa sekunde moja. Kinabaki kiduara kisichozidi punje ya mtama. Maungio ya mabati hupatikana kwa kubandika utepe mwembamba, kupuliza praima tabaka kadhaa, kusugua kwa msasa wa maji na kuung'oa utepe. Halafu rangi, na rangi nayo ina uzito. Fundi anayepuliza kwa pupa anaweza kuongeza nusu kilo pasipo kujua, na kama imeangukia mkiani atalazimika kuweka risasi puani kuirudisha mizani.

Siku ya kuwasha injini kwa mara ya kwanza ndege hufungwa kamba, pua ikielekea upepo. Kizimamoto cha gesi ya kaboni dioksidi huwa mkononi mwa msaidizi. Kile cha unga hakitakiwi hapo, kwa kuwa unga ukiingia ndani huiharibu injini. Hakuna anayesimama ubavuni mwa injini, usawa na magurudumu yake yanayozunguka. Rubani anainua mkono wa rimoti, na kuanzia hapo kompyuta ndiyo inayoongoza. Stata ndogo ya umeme mbele ya kompresa inaanza kuzungusha. Unasikia mlio mwembamba unaopanda. Plagi ndani inakuwa nyekundu. Pampu inatoa mafuta kidogokidogo, kisha kunasikika mpumuo, na joto kwenye kipimo linaruka. Kompyuta inaongeza mafuta, stata inaendelea kusaidia, mizunguko inapanda hadi injini ijimudu yenyewe na stata iachie. Mafuta yakitangulia moto, ulimi wa moto hutoka nyuma, na msaidizi anajua la kufanya. Mambo yakienda sawa, kwa muda usiozidi dakika moja hivi mlio umetulia na harufu ya mafuta ya taa imejaa uwanjani.

Angani, kosa la wengi ni kwenda mbio. Rekodi ya jeti za rimoti, kilometa 749.221 kwa saa, iliwekwa na Mjerumani Niels Herbrich mwaka 2017, lakini ndege yake ilijengwa kwa ajili ya kasi peke yake. Hawk ya robo ikienda kilometa 175 kwa saa, hupita urefu wa mwili wake kwa muda uleule ambao Hawk halisi ingeupita ikiwa na kilometa 700. Ukiizidisha sana, jicho linakataa mara moja: limeona kidude kinachorushwa. Katika mashindano ya dunia ya jeti za modeli, yanayofanyika tangu miaka ya 1990, waamuzi hutoa alama kwa hilo. Kwanza huikagua ndege ikiwa chini, michoro na picha za ndege halisi mezani, wakilinganisha umbo, alama na rangi. Kisha huitazama ikiruka, na kujiuliza kama ndege ya tani kadhaa ingegeuka hivyo, ingeshusha miguu hivyo, ingegusa ardhi hivyo.

Suala la picha mezani ndilo linalonigusa. Hawk nyingi za modeli huwa nyekundu za Red Arrows, na sababu mojawapo ni wepesi wa kupata ushahidi: ndege hizo zimepigwa picha kutoka kila upande kwa zaidi ya miaka 40. Anayetaka kujenga Mk 52 ya Kenya ana kazi ngumu zaidi. Picha ya ndege ikiwa mbali haimfai. Anahitaji kuona chumba cha magurudumu kilipakwa rangi gani, maandishi ya tahadhari chini ya kioo yaliandikwa wapi na kwa herufi za ukubwa gani, mkanda wa kiti ulikuwa wa rangi ipi, ngao ya bendera ilikaa umbali gani kutoka kwenye ukingo wa mkia. Majibu hayo wanayo watu walioihudumia ndege hiyo, mafundi na marubani ambao wengi wao sasa wamestaafu. Kama katika albamu ya baba au mjomba kuna picha ya Hawk iliyopigwa kwa karibu, ngazi ikiwa imeegemezwa na kifuniko kikiwa wazi, iskaniwe pande zote mbili, na nyuma yake paandikwe mwaka, kituo na namba ya mkiani. Na kama mwenyewe bado yupo, aulizwe rangi, kwa sababu picha za miaka ile hupauka, na kijani kilichopauka kikipelekwa kwa mchanganyaji rangi kitarudi kikiwa kijani kingine.